Kamati za Maadili ya Utafiti: Maandiko Lukuki, Wasomaji Wachache

Mtafiti aliyewasilisha andiko la kuomba kibali cha utafiti miezi mitatu iliyopita, kisha akapokea barua ya kumtaka arekebishe tarehe kwenye ukurasa wa kwanza, ana haki ya kukasirika. Fedha za mradi zina ukomo, na msimu wa ugonjwa anaotaka kuuchunguza haumngoji. Kwake kamati ya maadili, inayopima kama utafiti hautawadhuru washiriki kabla haujaanza, ni foleni tu.

Upande wa pili wa meza yupo mjumbe anayefundisha au kutibu mchana na kusoma maandiko usiku, aghalabu bila malipo. Kikao ni kesho na ana maandiko sita. La nne lina kurasa 140. Ukurasa wa 61 unasema mshiriki atatolewa damu mara tatu. Fomu ya ridhaa, ambayo ndiyo pekee mshiriki ataisoma, inasema mara mbili. Kosa kama hilo hulioni kwa kupitisha macho. Inabidi uweke karatasi mbili sambamba, na saa tano usiku nani ana subira hiyo?

Kilio hiki ni cha siku nyingi. Mwaka 1998 mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani aliandika kuwa kamati hizi zinapitia mengi mno, haraka mno, kwa utaalamu mdogo mno. Juni 2001, mwanamke wa miaka 24 mwenye afya njema, aliyejitolea katika utafiti wa pumu Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alifariki baada ya kuvuta kemikali iitwayo heksamethoniamu. Wasimamizi wa serikali walipochunguza walikuta maandiko mengi hayajadiliwi moja moja kwenye kikao kamili. Karibu utafiti wote wa chuo hicho uliogharimiwa na serikali ukasimamishwa kwa siku kadhaa.

Basi waongezwe wajumbe? Sina hakika. Kanuni za Marekani zinadai wajumbe watano au zaidi, akiwemo asiye mwanasayansi na asiye na uhusiano na taasisi. Ukiwafanya kumi na watano, umepata watu wengi zaidi wa kuwabembeleza ili akidi itimie, na maoni mengi zaidi yanayopingana. Pengo kubwa nadhani liko kwenye sekretarieti: afisa mwenye ujuzi anayelichambua andiko kabla halijamfikia mjumbe. Zile damu mbili na tatu angezikamata yeye, na ile tarehe ingemalizwa kwa simu.

Wengine wanataka kazi ipunguzwe badala ya watu kuongezwa. Tangu Januari 2019 Marekani imeacha kudai mapitio ya kila mwaka kwa tafiti nyingi zenye hatari ndogo, na hilo naliunga mkono kabisa. Tangu Januari 2020, utafiti mwingi wa vituo vingi unaofadhiliwa na serikali hiyo unapitiwa na kamati moja. Hapo nasitasita kidogo, maana sehemu ya kazi huhamia tu kwenye mikataba baina ya taasisi.

Isitoshe, kuamua kwamba hatari ni ndogo nako kunahitaji msomaji. Dodoso la ukatili wa nyumbani halina sindano wala dawa. Lakini mume akirudi na kuuliza, "Yule mgeni alikuwa anakuuliza nini?", hatari imeshaingia ndani. Msomaji asiye na uzoefu wa kazi hii angeliweka dodoso hilo kwenye rundo la mapitio ya haraka, yasiyofika kikao kamili.

Kuwatoza watafiti ada kunaleta fedha, na pia shaka: anayelipwa na mwombaji atamkatalia? Ingawa, tuseme kweli, hata kamati ya chuo inakaa chini ya mwajiri anayeitamani ruzuku ya utafiti huohuo.

Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, lililorekebishwa Oktoba 2024, linataka kamati ziwe na rasilimali za kutosha. Taasisi nyingi hukata sehemu ya kila ruzuku kwa ajili ya gharama za uendeshaji. Sioni kwa nini mshahara wa yule afisa wa sekretarieti usiwe wa kwanza kutoka humo.