Aliye chini ya tuta haruhusiwi kulitazama

Kila masika inapokaribia, mjadala wa mabwawa ya watu binafsi hurudi Kenya, na pamoja nao hurudi swali moja linaloniumiza: "Nani aliwaambia wakajenge pale chini?" Huulizwa kuhusu watu wa Solai. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua ya wiki nyingi, tuta la udongo la Bwawa la Patel, ndani ya shamba kubwa katika Kaunti ya Nakuru, lilikatika na kuua watu 48, watoto wakiwamo. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ilisema bwawa hilo halikuwa na kibali. Kesi ya kuua bila kukusudia ikafunguliwa, washtakiwa wakaachiliwa Februari 2020, kisha Mahakama Kuu ikaamuru wasikilizwe upya.

Wenye mabwawa wana hoja zao, na si za kupuuzwa. Laikipia, Machakos au Kajiado, silanga, yaani bwawa dogo la shambani, ndiyo huamua kama ng'ombe watafika mwisho wa kiangazi. Mvua zilipokosekana misimu 5 mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, mfugaji aliyekuwa na maji nyuma ya tuta alistahimili siku nyingi kuliko jirani yake. Ukimwambia leo alipie kibali, alete mhandisi, apime udongo, huenda gharama ikashinda bei ya mifugo anayoinywesha. Na lawama huwafikia hata pasipo kosa lao. Maafa ya Mai Mahiu ya tarehe 29 Aprili 2024 yalitangazwa kwanza kuwa ni bwawa lililopasuka. Baadaye mamlaka ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, kalavati ilipoziba.

Lakini hebu tuangalie mahali mtu wa chini anaposimama. Kanuni za maji za 2007 ziliyapanga mabwawa kwa kina, ujazo na ukubwa wa eneo linaloyaletea maji. Lenye kina kisichofika mita 5 na ujazo usiofika mita za ujazo 100,000 liliwekwa katika daraja la hatari ndogo. Nimeifikiria namba hiyo mara nyingi. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Bwawa la mita za ujazo 90,000, ambalo kwa kipimo hicho bado ni dogo, ni malori 9,000 ya tani kumi kumi, yote yameegeshwa juu ya mteremko, yamezuiwa na udongo ulioshindiliwa. Wales, sheria humtaka mwenye bwawa la kuinuliwa kwa tuta alisajili tangu mita za ujazo 10,000. Namba ya ujazo haikuambii kama chini yake kuna malisho matupu au shule. Silanga ileile ni salama kabisa mahali pasipokaa mtu, na ni kifo mahali penye nyumba mia.

Isitoshe, tuta la udongo haliui kwa ghafla kama tunavyosimuliwa. Mara nyingi hutoa ishara. Mizizi ya mti hufa na kuacha tundu, mchwa na panya huchimba, bomba la kutolea maji huanza kuvuja pembeni mwake. Utoro, yaani mkondo uliochimbwa kando ili maji yakizidi yapite huko badala ya kupanda juu ya tuta, huota magugu na kujaa tope. Chini ya tuta, upande usio na maji, hutokea unyevu. Unyevu wenye maji maangavu unaweza kuwa wa kawaida, ila yakianza kutoka na rangi ya udongo, ujue tuta lenyewe linatoka nayo kidogo kidogo. Ishara hiyo haihitaji digrii. Mchunga mbuzi angeiona, na mama anayekata nyasi angeiona. Ila sehemu hiyo iko ndani ya uzio, na akionekana hapo huitwa mvamizi.

Kuona tu hakutoshi, nakubali. Juu ya mji wa Johnstown, Marekani, kulikuwa na bwawa la udongo la South Fork, mali ya klabu ya matajiri waliokwenda huko kuvua na kupumzika. Mabomba ya chini ya kutolea maji yalikuwa yameng'olewa kabla yao, nao hawakuyarudisha. Kwenye utoro wakaweka wavu ili samaki wasitoroke. Mwaka 1880 kampuni ya chuma ya Johnstown ilimtuma mtu wake, John Fulton, akalikagua na kuonya. Klabu ikajibu kwamba hakuna hatari. Tarehe 31 Mei 1889 maji yalipita juu ya tuta, likabomoka, wakafa watu 2,209. Watu wa chini walikuwa wameona na wamesema, lakini hawakuwa na pa kupeleka neno lao likawa amri.

Kwa hiyo sidai mabwawa yakaushwe. Kuyakausha ni kumhamishia mfugaji msiba wa mwenzake. Ninachodai ni kwamba ardhi na maji vibaki vya mwenyewe, ila tuta lifunguliwe kwa wanaolala chini yake: mara moja kwa mwaka wapande pamoja naye na afisa wa mamlaka, walizunguke, waukague utoro, na wakikuta maji yenye rangi ya udongo afisa awe na uwezo wa kuagiza bwawa lipunguzwe siku hiyohiyo. Gharama ya mhandisi, kwa wafugaji wadogo, kaunti inaweza kuibeba kwa kumpeleka mmoja azungukie silanga nyingi. Siku yenyewe si ngumu kuichagua. Masika huanza Machi. Februari maji huwa yameshuka, nyasi za tutani zimekauka, na ufa unaonekana kwa macho.