Mabibi Wanne, Mayele Mmoja na Mimi Dereva

Mimi ni mstaafu. Kazi zangu siku hizi ni mbili: kusubiri pensheni na kuendesha kikoba. Usinielewe vibaya. Mwenyekiti yupo, katibu yupo, mweka hazina yupo, na mama watoto wangu ni mshika ufunguo namba mbili wa lile sanduku lao la bati. Mimi naendesha Noah inayowabeba. Msibani mimi, kitchen party mimi, Kariakoo kufuata vitenge mimi. Mafuta? Ukiuliza habari ya mafuta unaambiwa, "Shemeji, si upo tu nyumbani?"

Basi Jumatano ya tarehe 17 Mei 2023 nimekaa zangu sebuleni, nimeoga mapema, jezi ya kijani na njano mwilini, karanga kwenye bakuli. Mwananchi yeyote, yaani shabiki wa Yanga, anajua siku ile ilikuwa siku gani. Yanga iko Rustenburg, Afrika Kusini, marudiano ya nusu fainali ya Kombe la Shirikisho na Marumo Gallants. Kwa Mkapa tumeshawapiga mbili bila. Tukivuka, tunaingia fainali ya Afrika. Kwangu mimi hilo si jambo la mpira tu, ni jambo la afya. Jirani yangu ni Mnyama, shabiki wa Simba, na kwa miaka thelathini hajaacha kunikumbusha kwamba Simba ilicheza fainali ya Afrika mwaka 1993. Ukimuuliza walifungwa na nani, anaanza kukohoa. Stella Abidjan, bwana, sema tu! Lakini walifika, na sisi tulikuwa hatujafika.

Mama watoto akatoka chumbani amevaa dera jipya, amejipulizia, mkoba begani. "Baba Rehema, vaa shati. Tunakwenda sinema."

Nikadhani ni utani. Mara ya mwisho kwenda sinema na huyu mwanamke, sinema zilikuwa mjini: Avalon, Empire, Empress, Odeon. Na Drive-In kule Msasani, pale ulipo ubalozi wa Marekani leo, watu wanatazama picha ndani ya gari. Sisi tusio na gari tulikuwa na namna zetu, tuyaache hayo. Leo sinema iko ndani ya duka kubwa, unapanda ngazi inayojiendesha, na kule juu ukifika hujui kama umekuja kutazama picha au kupanda ndege.

"Sinema gani?"

"Ya mapenzi. Ya wanawake wa umri wetu. Kikoba kizima tunakwenda. Mwenyekiti ameshakata tiketi, na ya kwako ipo, usije ukakaa kwenye gari ukaumwa na mbu."

Unaona ujanja? Nilikuwa najiandaa kusema nitawasubiri kwenye gari, redio ikiwa wazi. Wameshanikatia tiketi! Wanawake wa kikoba wanakadiria mambo miezi sita mbele.

Nikachukua hedifoni za kijana wangu, ile ya upande mmoja inayofanya kazi, nikaipitisha ndani ya shati mpaka sikioni. Kofia juu. Simu mfukoni, redio imewashwa. Dereva hakosi spea.

Pale dirishani bisi ndoo moja elfu kumi. Mahindi! Nikamuuliza yule binti kama kuna tofauti na bisi za mia tano za kituoni, akanitazama kwa huruma kama anayemtazama babu yake. Sikununua. Wala kikoba hakikununua. Taa zilipozimwa tu, zipu za mikoba zikaanza kulia ukumbini: kashata, karanga, sambusa zilizofungwa kwenye foili, na chupa ya maji iliyokuwa na juisi ya ukwaju. Mweka hazina alitoa kanga akajifunika miguu kwa sababu ya kiyoyozi. Katibu akajifunika na yeye. Ukitutazama kwa nyuma ungedhani tuko kwenye matanga.

Picha yenyewe, Book Club: The Next Chapter, ni sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza, ya mwaka 2018, walishaitazama kwenye simu ya mwenyekiti, kwa zamu. Ni mabibi wanne wa Kimarekani wenye chama cha kusoma vitabu. Sasa mmoja anataka kuolewa, basi wanafunga safari kwenda Italia kumuaga ujana. Anayeolewa ni Jane Fonda.

Hapa naomba tuelewane. Jane Fonda amezaliwa mwaka 1937. Mama mkwe wangu, mama yake huyu aliyekaa kushoto kwangu, amezaliwa mwaka huohuo wa 1937. Mimi nimelelewa kwa adabu. Mama mkwe akipita upande huu wa uwanja, mimi natokea upande ule. Sasa kila Jane Fonda alipotokea pale mbele, ukubwa wa nyumba ya ghorofa, akimtazama mwanamume kwa jicho lile, mimi macho yalijishusha yenyewe. Robo nzima ya picha nimeitazama kwenye viatu vyangu.

Kiingereza chao kinakimbia, na maandishi ya chini hakuna. Mwenyekiti akachukua jukumu. Yule mama akipewa kipaza sauti ni Lufufu kabisa, yule mtafsiri wa picha za video, tofauti ni kwamba Lufufu alikuwa anakutafsiria wanachosema, huyu anakutafsiria na wasichosema. "Anamwambia hapa, wewe baba, mimi sijaja Italia kufua soksi." Picha haikuwa na soksi. Ukumbi mzima unacheka, na wale vijana wawili wa nyuma waliokuja kushikana mikono wakahamia viti vya karibu, wasikie vizuri.

Basi mabibi wakafika kituo cha treni, wakaibiwa mabegi yote. "Hao vibaka wametokea Ubungo ya zamani!" akasema katibu, na kila mtu akakumbuka kitu chake alichowahi kuibiwa Ubungo. Gari likapata pancha porini. Mimi kama dereva nikauliza, kwa nia njema tu, kwa nini hawakukagua tairi la akiba kabla ya kutoka. Nikaambiwa nyamaza. Wakaishia kulala mahabusu. Wanne, seli moja, na asubuhi nywele ziko vilevile, wanja upo vilevile. Mimi nikilala usiku mmoja tu kwenye basi la mkoani, nikifika wenyeji hawanitambui.

Lakini niliyekuwa na ugomvi naye hasa ni yule mume wa kwenye picha. Andy Garcia. Kwanza ni rubani. Pili ana pesa. Tatu ana nywele. Nne, akizungumza anashusha sauti kama anayemwamsha mtoto. Mchumba wake ni Diane Keaton. Nikawatazama wale wawili, nikawatazama tena, kuna kitu kinanikera na sijui ni nini. Mara kikanijia. Nikasema kwa sauti, sikujizuia, "Huyu si mama yake mdogo?"

"Nini?"

"Huyo Garcia na huyo mama! Kwenye The Godfather Part III, mwaka 1990! Huyo mama alikuwa mtalaka wa Michael Corleone, na huyo kijana ni mtoto wa Sonny, kaka yake Michael. Michael ni baba yake mdogo! Sasa inakuwaje anamchumbia mtalaka wa baba yake mdogo?"

Kimya. Halafu mweka hazina, ambaye ndiye mwenye akili tulivu kuliko wote mle, akasema, "Shemeji, kwani wakati huo walikuwa wamelipana?" Sijui alimaanisha nini, lakini hoja yangu ilifia hapo.

Kumbe wakati nabishana, kule Rustenburg dakika zinakimbia. Sikio la kulia mtangazaji anapanda, sikio la kushoto violini. Jane Fonda yuko dukani anajaribu magauni ya harusi. Anatoka na hili, wenzake wanakunja uso. Mtangazaji anasema mpira uko kwetu. Anatoka na lile, wenzake wanakunja uso. Mtangazaji anasema Mayele, mshambuliaji wetu, Mayele yuko ndani, Mayele...

Sikukusudia. Naapa sikukusudia. Nilijikuta nimesimama juu ya miguu yangu yote miwili, mikono hewani, na ule mtetemo wa Mayele wa kushangilia goli unanitoka mabegani.

"HUYOOOO! TUMEMALIZAAA!"

Na pale mbele, ukutani, Jane Fonda peke yake, ndani ya gauni jeupe.

Ukumbi ukalipuka. Makofi, vigelegele, mtu wa mbele kabisa akapiga mluzi. Mwenyekiti akageuka akanitazama kwa macho mapya. "Shemeji! Kumbe unajua kuthamini!" Katibu akasema waume wengine wangekuwa wamesinzia. Mama watoto hakusema kitu. Alinyoosha mkono taratibu, akaivuta ile waya kwenye kola ya shati langu, akaitazama, akairudisha pale pale. Miaka arobaini ya ndoa hiyo. Hata hakugeuza shingo.

Musonda alipofunga la pili nilijifinya paja. Bado lina alama.

Harusi sasa. Kanisa zuri, maua, kila mtu amekaa. Hapakuwa na mshenga, hapakuwa na posa, mahari haikutajwa, hata wajomba kukalishwa kitako hapana. Haya, tuseme ndiyo desturi yao. Bibi harusi amefika mbele, gauni limemkaa, halafu wanakubaliana na bwana harusi wake kwamba, unajua nini, sisi tusifunge ndoa, tunapendana hivihivi. Nikashika kichwa. Na wali je? Na ukumbi umelipiwa? Kabla sijakaa sawa, Diane Keaton na yule rubani wake wakasogea mbele wakafunga wao. Yaani bibi harusi ametolewa, ameingia mwingine kutoka benchi, mechi inaendelea! Nasreddine Nabi mwenyewe, kocha wetu wa wakati ule, asingefanya mabadiliko ya namna hiyo kwenye nusu fainali.

Nilitaka kumwambia mama watoto hilo la benchi, nikajua lingemchekesha. Nikageuka.

Alikuwa tayari anacheka. Wote sita walikuwa wanacheka, na mwenyekiti alikuwa hatafsiri chochote, amenyamaza muda mrefu tu. Mama watoto alikuwa amejikunja, kanga mdomoni, mabega yanaruka, anampiga katibu kwenye goti. Ule si mcheko wa nyumbani. Wa nyumbani naujua, ni "hee" moja fupi, halafu anauliza kama geti limefungwa. Huu niliusikia mara ya mwisho Avalon, siku ile ya picha ya Kihindi, mama kipofu anapapasa uso wa mwanawe aliyepotea, na mimi kijana wa watu najifuta machozi kwa ukosi wa shati nikidhani giza limenificha. Alinicheka mpaka tukafika kituoni. Nikamuoa.

Nikatazama mbele nione kinachowachekesha. Pale mbele kulikuwa na mabibi wanne tu, wamesimama, wanatazamana. Hakuna aliyeanguka, hakuna aliyesema kitu. Nikatazama tena. Hakuna kitu! Nikamgusa mama watoto, "Wanacheka nini?" Akanipungia mkono bila kunitazama, namna unavyomfukuza kuku mlangoni.

Filimbi ya mwisho ilipulizwa nikiwa naokota maganda ya karanga ya kikoba. Gallants moja, Yanga mbili. Fainali. Jirani ana kazi mpya. Na sikuwa na mtu wa kumkumbatia ila yule binti wa bisi aliyekuja na fagio, na hakuonekana kuwa tayari.

Njia nzima ya kurudi barabara zimejaa pikipiki, honi, vuvuzela, vijana wananing'inia kwenye madirisha ya daladala. Mle ndani ya Noah hakuna aliyeuliza kuna nini. Wanazungumzia seli. Kila mmoja anaeleza, kama wangekuwa wao ndio wamefungwa Italia, nani angelala upande wa ukuta, nani angekoroma, nani angelia kwanza. Walikubaliana angelia mwenyekiti. Mwenyekiti akakubali. Mimi nikachangia kwamba mle ndani kitu cha kwanza ni kumpata wa kuwadhamini, nikataja jamaa yangu mmoja aliyepo polisi. Waliitikia kwa heshima, wakaendelea.

Nyumbani nikawasha televisheni, wanarudia magoli. Mama watoto akakaa kwenye kochi, jambo ambalo halifanyi saa za mpira. Nikasema moyoni, leo ameguswa, pengine ile sauti ya chini ya rubani imefanya kazi na mimi nitafaidi. Nikajaribu kuishusha ya kwangu. Ikatoka kikohozi.

"Baba Rehema."

"Naam, mama."

"Eti pasipoti sasa hivi ni shilingi ngapi?"

"Laki na nusu."

"Kila mtu?"

"Kila mtu."

Akafungua simu, akatafuta kikokotoo. Sikuwa na nia ya kuchungulia, ila maandishi ya simu yake ni makubwa, macho hayo ndiyo umri huo. Laki na nusu, mara sita. Jibu laki tisa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyetegemea mbaya zaidi, akatuma kwenye kundi la kikoba, na palepale simu ikaanza kulia ngri, ngri, ngri.

Nikahesabu kimyakimya. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, wale wanachama wawili, na yeye. Nikahesabu tena, nikianzia mwisho. Kwenye Noah tulikuwa saba.