Ubaguzi Tunaoufunikia Kombe

Mwanzoni mwa Juni 2020, siku chache baada ya askari wa Minneapolis kumkandamiza George Floyd kwa goti shingoni hadi akakata roho, simu za nyumbani kwetu Tanga zilijaa hasira. Binamu zangu walibadilisha picha zao zikawa nyeusi tupu. Jioni moja ya wiki hiyo, tumezunguka sinia la wali, mjomba akamtaja jirani yetu mwenye duka la vipuri. "Huyu Mhindi hapa anapita tu," alisema. "Ana kwao." Jirani huyo kazaliwa Tanga, na baba yake kazaliwa Tanga. Mjomba mwenyewe aliletwa mgongoni kutoka Songea na wazazi waliofuata kazi ya mkonge. Nilijua yote hayo, na nikaendelea kula.

Kimya cha namna hii tumekipa heshima ya methali: funika kombe mwanaharamu apite. Kwa Waafrika na Waasia wa Afrika Mashariki, ndiyo imekuwa njia yetu ya kuishi pamoja. Tunauziana, tunasalimiana, tunazikana kwa kiasi, na kila upande unarudi kwake kusema unachosema. Swali ni kama kombe hilo tulifunue au tuliache lilivyo. Nadhani lifunuliwe, lakini wanaotaka libaki limefunikwa si waoga wala si wajinga, na hoja zao zinastahili kusikilizwa hadi mwisho.

Hoja yao kubwa ni kwamba tumeshaona mazungumzo ya rangi yakiharibika. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Hakuanza na mabasi ya kwenda uwanja wa ndege. Alianza na maneno: wanakamua uchumi, hawachanganyiki nasi, hawatuozi binti zao. Baadhi ya maneno hayo yalikuwa malalamiko ya kweli ya watu wa kweli, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu lalamiko la kweli ndilo linalobeba uovu mzito zaidi. Hapa kwetu, mwaka 1993, Mchungaji Christopher Mtikila aliwagawa wananchi jukwaani kuwa walalahoi na magabacholi, tusi la kuwaita Wahindi, na mawe yakarushwa Dar es Salaam. Aliyepigwa jiwe hakuulizwa kama ni tajiri au karani.

Halafu kuna Zanzibar mwaka 1970, kisa ninachokiona kigumu kuliko vyote. Wasichana wenye asili ya Uajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali, na uongozi ukatetea jambo hilo kama dawa ya ubaguzi: zamani Waarabu waliwachukua wanawake wa Kiafrika masuria, sasa mambo yamegeuka. Kila ninaposikia mtu akisema kupinga ubaguzi lazima kuwe kwa vitendo, huwakumbuka wasichana hao. Kitendo nacho kina haki na dhuluma yake.

Wanaotetea kimya hupenda pia kumtaja Nyerere, kwamba alitufundisha kutotazama rangi. Hapo ndipo naachana nao. Nyerere hakutufundisha kunyamaza. Uchaguzi wa 1958 ulimlazimu kila mpiga kura wa Tanganyika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na TANU, chama kilichopigania uhuru, ilibishana juu ya jambo hilo Tabora kwa ukali hata Zuberi Mtemvu akatoka na kuunda chama cha Afrika kwa Waafrika tu. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru, wabunge kadhaa walitaka uraia ufuate rangi. Nyerere hakuwaita pembeni kwa faragha. Aliwajibu mbele ya baraza zima, akasema serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali, na akawaonya kwamba leo tukisema binadamu wote ni sawa isipokuwa Wahindi, kesho tutasema isipokuwa Wamasai, isipokuwa Wagogo, isipokuwa Waha. Taifa hili lilizaliwa katikati ya mazungumzo magumu kuhusu rangi. Kufunika kombe kulikuja baadaye.

Na kimya hicho kimeficha mengi. Mipaka yetu haikuota yenyewe. Dar es Salaam ya mkoloni ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na Kariakoo ya Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja tunaoupenda leo uliachwa wazi ili kutenga Uhindini na Kariakoo, kwa kisingizio cha afya. Tanga, reli ilikata kati ya mji na Ngamiani. Shule zilikuwa za aina tatu. Sheria ilimzuia mfanyabiashara asiye Mwafrika kumkopesha Mwafrika bila idhini ya serikali, eti kumlinda, na Kenya ilimzuia Mhindi kumiliki shamba katika nyanda za juu walizotengewa Wazungu. Mmoja akasukumiwa dukani, mwingine akafungiwa mlango wa mkopo, kisha wote wakaambiwa hiyo ndiyo asili yao: Mhindi kazaliwa na biashara, Mwafrika hawezi kutunza fedha. Tumerithi maneno hayo mazima mazima na tunawapa watoto.

Kwa kuwa hatuzungumzi, kila nyumba imebaki na historia yake. Chukua sheria ya 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Haikutaja rangi hata mara moja. Ilikuwa sehemu ya Ujamaa, na iligusa wenye majengo. Lakini wenye majengo walikuwa wengi wao Waasia, na wapo waliowekeza akiba ya vizazi viwili katika ghorofa moja. Familia nyingi zilihama nchi. Upande mmoja unasimulia kwamba wanyonge walirudishiwa jasho lao. Upande wa pili unasimulia kwamba tulinyang'anywa na jirani akashangilia. Sijawahi kukaa katika chumba ambamo watu wa pande zote mbili wamesimulia haya wakisikilizana.

Ndani ya nyumba hizo yapo maneno. Kwetu ni gabacholi, na Kenya ni ponjoro. Kwao Waasia lipo golo wanalotuita sisi, ambalo katika lugha lilikotoka ni mtumwa. Lipo boi, analoitwa mzee wa miaka hamsini mwenye wajukuu. Na lipo neno letu wenyewe linalonisikitisha kuliko yote, pale tunaposema "mambo ya Kiswahili" tukimaanisha ujanja na uchafu, au tunapomsifu mtoto kwa weupe wake kisha tukashangaa dada yake kununua mkorogo. Nilifanya kazi mwaka mmoja katika duka ambalo tajiri alitujua kwa majina sote kumi na mmoja, alichangia misiba yetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kugusa droo ya fedha. Alikuwa mwema kwetu na alitubagua. Miaka mingi nilidhani lazima nichague moja kati ya hayo mawili.

Ukimuuliza tajiri wa namna hiyo atakwambia suala ni uaminifu, kwamba biashara yake inaendeshwa kwa mikopo ya ndugu na ndugu hawezi kukimbia. Hoja hiyo ina uzito. Waafrika wenye maduka nao huweka mpwa wao kwenye droo. Lakini mpwa wa Mwafrika hukalia nafasi ya mtu mmoja katika mtaa wenye maduka mia ya watu wa kila aina. Pale ambapo mtaa mzima wa biashara ni wa jamii moja, desturi ya familia inakuwa ukuta, hata kama hakuna aliyekusudia kuujenga.

Kwa hiyo mazungumzo yaanzie wapi? Serikali inaweza kufungua mlango, kama Kenya ilivyofanya Julai 2017 ilipowatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Ibara ya 13 ya katiba yetu nayo inakataza ubaguzi wa rangi waziwazi. Lakini ibara haikai kwenye sinia la wali. Naamini mtu aanze na watu wake mwenyewe, kwa sababu huko ndiko ana kauli. Mimi nikimfuata jirani kumwambia habari za golo, atasikia tishio, na akiwa na kumbukumbu ya 1972 ana haki ya kulisikia hivyo. Mjomba hawezi kunisikia hivyo.

Nilichukua miezi. Sikumwita mbaguzi, maana neno hilo lingefunga maongezi hapohapo, na kumkosea adabu mkubwa kungewapa wote sababu ya kujadili adabu yangu. Nilimuuliza, "Mjomba, babu alipofika hapa kutoka Songea, wenyeji walimwitaje?" Alinyamaza kidogo. "Manamba," alisema, jina la vibarua wa mkonge, kisha akasimulia kwa muda mrefu namna watoto wa mjini walivyowacheka kwa matamshi yao, na namna mwenye nyumba mmoja alivyomkatalia baba yake chumba kwa kuwa ni mtu wa bara. Nikamwambia, "Ndivyo tunavyomfanyia jirani." Akasema hapana, si sawa, wao wana fedha. Tukaishia hapo siku hiyo. Mara ya pili alikasirika. Mara ya tatu alikuwa wa kwanza kuuliza kama jirani alimzika baba yake hapa Tanga.

Najua kasoro ya njia hii. Ni ya polepole, na anayeumia leo hawezi kusubiri nyumba ya mwenzake ijirekebishe. Kijana aliyenyimwa chumba cha kupanga kwa rangi yake hana haja na maswali yangu ya upole. Anahitaji mtu wa kusimama naye mbele ya mwenye nyumba siku hiyohiyo, na ikibidi mbele ya sheria. Hayo nayo ni kupinga ubaguzi, na pengine ndiyo magumu zaidi, kwa sababu mwenye nyumba huyo huenda ni rafiki yako. Ninachokataa ni kuhesabu mali za watu kwa rangi mbele ya umati. Taja kitendo, mtaje aliyekitenda, dai kirekebishwe. Ukishaanza kusema "wao", umeshamwekea mtu mwingine jiwe mkononi.

Binti wa jirani yetu, tuliyesoma naye, aliniambia kwao neno golo lilikuwa likitumika mezani kama vile kutaja chumvi. Alimkatalia bibi yake mbele ya wageni, na kwa wiki mbili bibi hakusema naye. Baada ya hapo alimgeukia baba yake kuhusu fundi aliyefanya kazi dukani kwao miaka kumi na miwili bila karatasi. Mwezi uliopita fundi alipewa mkataba wa maandishi. Droo bado anaifunga baba mwenyewe.