Warsha za uchumi Mlimani: zinamsaidia nani?

Kila linapotangazwa kongamano la uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu wanagawanyika kabla hata mtoa mada hajapanda jukwaani. Wapo wanaosema wasomi wanakwenda kunywa chai na kusomeana makala, serikali inaendelea na yake. Wapo wanaosema nchi isiyo na jukwaa la namna hiyo inatunga sera gizani. Mimi niko upande wa hawa wa pili, ila nakiri kwamba wanaolalamika wana hoja nzito, na wenyeji wa Mlimani, yaani chuo hicho, huipuuza haraka mno.

Tuanze na malalamiko yao. Ratiba ya siku inajulikana. Mgeni rasmi anafika amechelewa, anasoma hotuba, "itifaki imezingatiwa", picha ya pamoja nje ya ukumbi, kisha anaondoka na msafara wake kabla mada ya kwanza haijaanza. Anayebaki kuiwakilisha wizara ni ofisa asiye na mamlaka ya kujibu lolote. Mtoa mada wa kwanza ana slaidi 40 na dakika 20. Majedwali yamejaa namba ndogo ambazo aliyekaa safu ya tano hazioni. Ukifika muda wa michango, mwenyekiti anatangaza kwamba muda umetutupa mkono, tuchukue wachangiaji watatu, dakika mbili mbili. Mmoja kati ya hao watatu huwa ni mfanyabiashara au mkulima aliyekuja na swali la kweli, na anakatishwa katikati. Jioni yanasomwa maazimio. Maazimio yanapelekwa wizarani. Baada ya hapo hakuna barua inayorudi kusema lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini.

Anayeyaona haya mwaka baada ya mwaka ana haki ya kuuliza kama fedha na muda vinatumika vizuri. Lakini ili kumjibu inabidi kurudi miaka ya themanini, kwa sababu wakati huo warsha za hapo hapo Mlimani zilikuwa na uzito mkubwa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka, na vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikuwa imekausha hazina. Madukani hakuna sabuni, hakuna sukari, unga wa kupanga foleni. Edwin Mtei alikuwa amejiuzulu uwaziri wa fedha mwaka 1979 katika mvutano juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwanzoni mwa 1980 Mwalimu Nyerere aliwauliza mabalozi hadharani ni lini shirika hilo limegeuka kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Katika hali hiyo, Mtanzania aliyesema shilingi ishushwe thamani alionekana anasema maneno ya wakoloni.

Walimu wa uchumi wa Mlimani, pamoja na watafiti wa Ofisi ya Utafiti wa Uchumi ya chuo, waliligusa jambo hilo katika warsha za sera walizoziandaa miaka hiyo. Waliwakutanisha walimu na maofisa wa serikali chumba kimoja, na makala za mijadala ya namna hiyo, zilizohaririwa na Ibrahim Lipumba, Lucian Msambichaka na Samuel Wangwe, zilichapishwa mwaka 1984. Nguvu ya vikao hivyo ilitokana na mambo mawili. Kwanza, ofisa wa Hazina aliweza kukaa na kusikiliza hoja iliyokuwa kinyume na msimamo wa wakubwa wake bila kuhesabiwa kuwa ameikubali, maana ni chuo kikuu, na chuoni watu hujadili. Pili, hoja ya kwamba bei rasmi ya mazao inamfukuza mkulima kutoka soko la serikali ilitoka kwa Watanzania wenye takwimu za Tanzania. Mtu aliyezoea kuisikia kutoka Washington na kuikataa kwa sababu ya mahali ilikotoka, sasa ilimbidi aipime hoja yenyewe.

Bajeti ya Juni 1984 ilishusha shilingi kutoka 12 hadi 17 kwa dola, ikaondoa ruzuku ya sembe, na ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha. Sisemi warsha ndizo zilizoleta hayo. Wahisani walikuwa wamebana, na rafu tupu za maduka zilikuwa zinasema zenyewe. Ninachosema ni kwamba siku uamuzi ulipofika, palikuwa na Watanzania waliokwisha kuujadili kwa undani na wangeweza kukaa upande wa Tanzania wa meza wakijua wanachokisema. Lipumba akawa mshauri wa uchumi wa Rais Mwinyi. Wangwe akaongoza taasisi ya utafiti wa uchumi na jamii, ESRF, iliyoanzishwa miaka ya tisini. Benno Ndulu, mwalimu mwingine wa idara ile, akawa Gavana wa Benki Kuu kuanzia 2008 hadi 2018.

Hapo ndipo watetezi wa warsha wengi huishia, na hapo ndipo mimi nashindwa kwenda nao hadi mwisho. Kikao kile kile kilichokuwa na ujasiri wa kusema bei na thamani ya shilingi zirekebishwe hakikuwa na mama anayempeleka mtoto zahanati. Miaka ya tisini kuchangia gharama kuliingia hospitali za serikali, na michango ya shule ya msingi iliwaweka watoto wengi nyumbani hadi ada ilipofutwa kuanzia 2001, darasa la kwanza likafurika. Gharama hiyo ya marekebisho ya uchumi yaliyofuata makubaliano ya 1986 ilitabirika, na ilitabiriwa. Walioitabiri walikuwa zaidi upande mwingine wa Mlimani, kwa wanasheria, wanahistoria na watu wa uchumi wa kisiasa, ambao jukwaa lao lilikuwa mhadhara wa wazi. Ni ule utamaduni wa siku za Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyefundisha hapo, wa ukumbi uliojaa hadi wanafunzi wanasimama madirishani, na maswali yanayoendelea hadi usiku.

Kwa hiyo warsha na mhadhara wa wazi ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya ndiko kunakoharibu mjadala huu wote. Warsha ya watu 30 inafaa kwa kupima kama makadirio ya mapato yana mantiki, au kodi fulani itakusanyika kwa gharama gani. Haifai kuamua nani abebe mzigo. Mhadhara wa wazi unafaa kuuliza nani abebe mzigo, lakini mara nyingi hauna namba za kutosha kumbana waziri. Kigoda cha Mwalimu Nyerere, yaani kiti cha uprofesa kilichoanzishwa chuoni mwaka 2008 na kukaliwa kwanza na mwanasheria Issa Shivji, kilirudisha ule moto wa mihadhara. Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria, alialikwa 2009, Samir Amin, mchumi wa Misri, mwaka uliofuata. Watu walijaa. Hata hivyo, mtu aliyetoka pale akiwa amekubali kwamba Afrika inanyonywa bado hakujua kifungu gani cha bajeti ya mwaka ule kilihusika na unyonyaji huo. Hilo nalo ni pengo, na linatakiwa kuzibwa na hao hao wa warsha.

Kuna sharti jingine ambalo pande zote mbili hulitaja kwa sauti ya chini: lazima namba ziwe huru. Septemba 2018 Bunge lilipitisha mabadiliko ya Sheria ya Takwimu yaliyofanya kuwa kosa la jinai kuchapisha takwimu zinazopinga au kupotosha takwimu rasmi, na adhabu yake ilikuwa faini isiyopungua milioni 10 au kifungo kisichopungua miaka 3. Novemba mosi mwaka huo huo, Rais Magufuli alihudhuria kongamano la hali ya uchumi na siasa katika Ukumbi wa Nkrumah. Anayetetea makongamano atasema ni jambo kubwa kwa mkuu wa nchi kuja kuwasikiliza wanazuoni kwao. Nakubali, ni jambo kubwa. Lakini jiweke kwenye viatu vya mhadhiri kijana mwenye makadirio yake ya ukuaji wa uchumi, yasiyolingana na ya serikali. Angesimama aseme nini? Aprili 2019 Shirika la Fedha lenyewe lilitangaza kwamba Tanzania haikuridhia ripoti yake ya mwaka kuchapishwa. Ikiwa shirika hilo lilizuiwa, mhadhiri ana kinga gani? Juni 2019 sheria ilirekebishwa na tishio la jela kwa kosa hilo likaondolewa. Woga, hata hivyo, hauondoki siku ile ile sheria inapobadilika, na makongamano kadhaa niliyoyasikiliza tangu hapo bado yana tabia ya mtoa mada kuanza kwa kusifu dakika tano kabla hajafika kwenye tatizo.

Nadhani kasoro kubwa kuliko zote, na iliyo rahisi kurekebisha, ni kalenda. Mijadala mingi ya bajeti vyuoni hufanyika Juni, baada ya hotuba kusomwa Dodoma. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai mosi. Kuna kama wiki mbili tu, na ndani ya wiki hizo kitabu kimeshachapwa, vyama vimeshapanga kura, na kinachoweza kubadilika ni kiwango cha ushuru wa bidhaa mbili tatu. Wakati wenye maana ni Oktoba. Novemba serikali hupeleka bungeni mapendekezo ya mpango na mwongozo wa maandalizi ya bajeti, na baada ya hapo ndipo mapendekezo ya kodi yanapochambuliwa wizarani. Wenye viwanda wanaujua utaratibu huu vizuri na hupeleka maombi yao mapema. Chuo kikuu hufika wakati mlango umeshafungwa, kisha tunashangaa kwa nini maazimio hayafanyiwi kazi.

Tozo za miamala ya simu ni mfano ninaourudia kila nikibishana na watu juu ya hili. Zilianza Julai 15, 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Mchumi yeyote wa mwaka wa pili angeweza kueleza kitakachotokea: ukitoza kodi kitendo cha kutuma pesa, watu watarudi kwenye pesa taslimu, watampa dereva wa basi bahasha, na wakala wa mtaani atakosa kamisheni. Ndivyo ilivyosemwa mitaani ndani ya wiki ya kwanza. Septemba tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30, mwaka 2022 zikapunguzwa tena, na kwenye bajeti ya 2023/24 ikaja hatua ya kuifuta tozo ya kutuma pesa. Kilichoibadilisha serikali ni kelele za watumiaji na mawakala. Anayesema mihadhara haina faida ataushika mfano huu kwa mikono miwili, na ana haki. Mimi nauona pia upande wa pili: kelele zililipa baada ya watu kuumia miezi kadhaa, na zingekuwa na nguvu zaidi kama Oktoba 2020 kungekuwa na jopo la wachumi lililoweka hesabu hiyo mezani, kwa Kiswahili, gazeti likaichapa.

Kwa Kiswahili, narudia. Hotuba ya bajeti inasomwa kwa Kiswahili. Wabunge wanaijadili kwa Kiswahili. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, wakakutana na Waziri Mkuu Majaliwa Mnazi Mmoja, walieleza kero za kodi, usajili wa stoo na ukamataji wa mizigo kwa Kiswahili safi, kwa mifano, na serikali ikawaelewa neno kwa neno. Baadaye, mwaka 2024, Rais Samia aliunda tume ya maboresho ya kodi. Linganisha mkutano ule wa Mnazi Mmoja na kongamano la Mlimani linaloendeshwa kwa Kiingereza kuhusu kodi hizo hizo. Hoja za kitaalamu zilizokosekana Mnazi Mmoja zilikuwa Mlimani, na watu waliokosekana Mlimani walikuwa Mnazi Mmoja. Benki Kuu ilipohamia mfumo wa riba ya sera, yaani riba elekezi inayoipanga yenyewe kwa mabenki, Januari 2024, ikianza na asilimia 5.5, mwenye duka alihitaji mtu wa kumweleza kwa nini mkopo wake bado una riba kubwa mara kadhaa ya hiyo. Hiyo ni kazi ya mhadhara wa wazi, tena wa jioni moja tu.

Upande wa serikali nao una utetezi mmoja unaostahili kusikilizwa. Mapendekezo ya kodi hufichwa hadi siku ya bajeti kwa sababu nzuri: wafanyabiashara wakijua mapema kwamba ushuru wa mafuta au sigara unapanda, wanaficha mzigo na kuuza kwa bei mpya. Ofisa anayekaa kimya kwenye warsha ya Oktoba hana lazima ya kuwa mwoga. Anaweza kuwa analinda siri halali. Lakini siri hiyo inahusu viwango na bidhaa. Haihusu uamuzi wa kama nchi itegemee zaidi kodi za matumizi au kodi za mapato, wala wa kiasi gani cha deni kiende kwenye reli na kiasi gani kwenye umwagiliaji. Hayo yanaweza kujadiliwa Oktoba na ofisa mwenye cheo cha kujibu. Na ofisa huyo huyo anaweza kualikwa tena Machi, ukumbi ule ule, maazimio ya Oktoba yakiwa mkononi, aeleze moja baada ya jingine lililokubaliwa na lililokataliwa.