Chui Aliyeuawa na Betri Mpya

Mimi ni mpiga besi, yaani yule mtu wa bendi ambaye watu humgundua siku asipokuja. Kwa hiyo niliponunua mashine ya madoido, kile kisanduku chenye ampu (vikuza sauti) na pedali za kila aina zikiwa zimegeuzwa hesabu za kompyuta, nilijiambia kwamba safari hii watanijua.

Usiku wa kwanza nilikimbilia ampu ambayo kila mpiga besi huiota: ile Ampeg SVT ya mwaka 1969, wati 300, na kabati la spika nane za inchi kumi kumi. Kabati hilo wenyewe huliita friji, na waliowahi kulipandisha ngazi wanajua kwamba hilo si tusi, ni maelezo. Kwangu mimi friji lilikuwa picha ndogo kwenye kioo. Nikavaa hedifoni, nikagonga uzi wa E, ule wa chini wenye hezi 41.

Safi. Safi mno! Sauti ya mtu aliyeoga, akapaka mafuta, akakaa sebuleni kungoja wageni. Mimi nilitaka ya mtu aliyetoka kupigana.

Nikatia distosheni, nikapata nyuki ndani ya kopo. Besi ina tabia hiyo: ukiichafua yote, uzito wa chini unatoroka na kukuachia mkwaruzo mtupu. Dawa yake ni kuigawa sauti njia mbili, moja ibaki safi ibebe mzigo wa chini, nyingine ichafuliwe unavyotaka, kisha zikutane mbele. Nikagawa. Nikachuja. Nikabadilisha hata maikrofoni ya kuigiza mbele ya spika ya kuigiza, nikaisogeza inchi mbili, nikatikisa kichwa kama fundi mkubwa. Kulipokucha nilikuwa na sauti ishirini na tatu zilizohifadhiwa, zote za watu waliooga.

(Kwenye menyu ya ile ampu kulikuwa na mstari mmoja wa kuigiza umeme unaozidiwa na kulegea. Sikuuelewa, nikauruka. Uweke pembeni, tutarudi.)

Wiki ya pili, bila kutazamia, chui akaingia ndani.

Nilikuwa kwenye sauti namba saba, ambayo jana yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Nikagonga uzi, ukanguruma. Haukukwaruza wala kuvuma, uliunguruma, halafu mwishoni noti ikakatika kwa mkoromo mdogo kama mnyama anayejilaza. Nywele zikanisimama. Nikahifadhi mara tatu, nikaiita CHUI kwa herufi kubwa.

Ajabu ni kwamba kila usiku chui alizidi ukali huku akipungua sauti. Mwingine angejiuliza. Mimi nikajisifu, nikasema sikio langu linakomaa, sasa linasikia vitu lisivyovisikia zamani. Nikampandishia geni, ile nguvu ya sauti inapoingia. Kesho yake nikamwekea kompresa, ile inayosawazisha sauti kubwa na ndogo, ya kumnyanyua. Keshokutwa nikasukuma sauti ya kutokea mpaka ikagota mwisho. Kila alipodhoofika nilimlisha.

Mazoezini bendi nzima iligeuka kunitazama, jambo ambalo halijawahi kutokea bila mimi kukosea. Mpiga solo, ambaye nyumbani ana besi yake na mashine kama yangu, akaniomba CHUI. Nikamtumia faili. Usiku akaniandikia: "Kaka, huku kwangu inapasua masikio tu, haiungurumi."

Nikamjibu, na ninaandika haya kwa aibu: "Hiyo iko kwenye vidole, ndugu yangu." Halafu nikavitazama vidole vyangu, mmoja mmoja.

Siku ya onyesho, jioni, tulipima mitambo. Fundi mitambo akaniomba nipige, akasema sisikiki vizuri, akanipandisha kwenye mikisa. Akanipandisha tena. Chui akajaa ukumbi. Fundi akaninyooshea dole gumba, nami nikaiegemeza besi kwenye stendi, waya ukiwa umechomekwa kama kawaida yangu, nikaenda kubadili shati.

Wimbo wa kwanza unaanza na besi peke yake. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania uanze hivyo. Taa zikazimwa, mwanga mmoja ukaniangukia, nikavuta pumzi, nikagonga E.

Nisije nikadanganya: sikusikia noti. Nilihisi suruali ikipeperuka. Taa nyekundu za mikisa ziliwaka zote kwa pamoja, dada mwimbaji akaruka nyuma akakanyaga waya wa kinanda, na mtu wa mstari wa mbele akashika kifua kwa mikono miwili. Wahenga walionya kwamba ngoma ikilia sana hupasuka. Za subwufa hawakuziona, Mungu aliwaepusha.

Nikakanyaga kitufe kubadili sauti. Kwa kiherehere nikakanyaga cha kutyunia, ambacho hunyamazisha kila kitu. Kimya kikuu. Kwenye kioo kukatokea herufi E na mshale wa kijani, kunijulisha kwamba uzi wangu uko sawasawa. Nikakanyaga tena, tetemeko likarudi. Wimbo mzima nilikuwa na chaguo hizo mbili, bubu au kiama, mpaka fundi mitambo aliponivuta chini kabisa, na kuanzia hapo nikapiga besi kwa ajili ya afya yangu.

Makofi yalipoisha, mpiga drams akaniinamia, uso umemeremeta.

"Umeisikia tofauti, eh? Waya wako huwa umo muda wote, betri si ingekuzimikia jukwaani! Nikakuwekea mpya."

Akabaki ananitazama, anangoja asante.

Besi yangu ni ya aina ile yenye saketi ndogo tumboni inayokula betri ya volti 9. Swichi yake ni tundu la waya lenyewe: ukichomeka, saketi inawaka, ukichomoa, inalala. Mimi sikuwa nimechomoa kwa wiki tatu. Betri ilikuwa inakata roho taratibu, na saketi ikikosa volti hushindwa kubeba noti kubwa, inazikata vichwa. Hizo noti zilizokatwa vichwa ndizo nilizoziita chui. Kila kitu nilichopandisha usiku baada ya usiku kilikuwa cha kumnyanyua mgonjwa, kisha jamaa akanipachikia mzima mwenye nguvu zake zote.

Nikamwuliza betri ya zamani iko wapi. Kwenye pipa, akasema. Nisingependa kueleza nilivyolipekua lile pipa baada ya onyesho, na sikuipata.

Nyumbani nikaufungua ule mstari nilioruka. Kumbe ndiyo kazi yake, kuigiza umeme unaolegea, watu walishaujua utamu huo zamani. Nikauzungusha. Akatoka paka mwenye madoadoa. Ule mstari ulikuwa unalegeza umeme wa ampu, na mgonjwa wangu alikuwa ndani ya besi, kabla hata waya haujaanza.

Ilikuwa saa nane usiku, nimekaa sakafuni na hedifoni shingoni, nilipoisikia darini.

Twii.

Kimya, kama dakika nzima.

Twii.

King'ora cha moshi. Kilikuwa kinalia hivyo siku ya nne, kuomba betri, nami nilikuwa nimekizoea kama chiriku. Nikapanda kiti, nikafungua kifuniko. Volti 9, ya mstatili. Nikabadilishana nacho kwa haki: kikapata betri mpya ya mpiga drams, nami nikachukua ile ya kufa. Nikaipachika, nikachagua namba saba, nikagonga E.

Akaunguruma, akakoroma, akajilaza.

Nilikuwa bado natabasamu peke yangu gizani simu ilipotetemeka. Mpiga solo, naye hajalala: "Kaka, nimevifanyisha mazoezi vidole wiki nzima. Bado. Nakosea wapi?"

Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena: "Kwani huko kwako king'ora cha moshi kimeshaanza kulia?"