Tusimsitiri mzazi mpaka akakosa mafao yake

Tanga tumelelewa kusitiri. Baba akiuliza swali moja mara nne, au akitoka Ngamiani kwenda Makorora akapotelea njia aliyoizoea tangu ujana, nyumba nzima hunyamaza, na jirani akiuliza huambiwa mzee kachoka tu. Mbele za watu, sitara hiyo ni heshima na siipingi. Mbele ya daktari na afisa wa mafao, inamnyima mzazi aliyeanza kuugua ugonjwa wa kusahau haki aliyoichangia kwa jasho lake.

Kwa aliyeajiriwa kiwandani, hotelini au shamba la mkonge, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inalo fao la ulemavu, na akili iliyodhoofika nayo ni ulemavu. Mwanachama awe hajafikia umri wa kustaafu, awe amepoteza theluthi mbili ya uwezo wa kujipatia kipato, na awe amechangia miezi 180, au angalau miezi 36 ambayo 12 kati yake ni ya karibu kabla ya kupata ulemavu. Aliyevuka miaka 60 asihangaishwe na fomu ya fao hili. Njia yake ni mafao ya uzeeni. Na mzee aliyekwisha kuchukua mkupuo wake wote enzi za NPF, mfuko uliotangulia NSSF, hana pensheni iliyojificha mahali. Ni vema familia ijue hilo mapema.

Hiyo miezi 12 ndiyo inayowaangusha wengi. Tuseme mama wa miaka 54 alianza kukosea hesabu kazini mwaka 2022, akaacha kazi, watoto wakamsitiri, wakampeleka hospitali 2025. Daktari akiandika tarehe ya siku hiyo tu, karatasi itasomeka kama vile aliacha kuchangia miaka mitatu kabla ya kuugua. Kwa hiyo ombeni ripoti itaje dalili zilianza lini, na mwende na ushahidi: barua ya onyo ya mwajiri, kadi za kliniki za zamani, maelezo ya mtu aliyefanya naye kazi.

Tatizo jingine ni kwamba mgonjwa hujikaza. Akiwa mbele ya daktari pale hospitali ya Bombo ataitikia shikamoo kwa bashasha, atamuuliza kwao ni wapi, atasimulia Tanga ya zamani bila kukosea, kwa sababu kumbukumbu za ujana hudumu kuliko za asubuhi ya leo. Mtoto naye, kwa adabu, hawezi kumkatiza mzazi. Muda unakwisha, faili linaandikwa presha.

Dawa yake ni daftari. Kwa wiki mbili andikeni kila siku tarehe, kilichotokea, na nani alisaidia. "Anasahau sana" haimwambii daktari kitu. "Jumanne aliacha jiko la gesi linawaka. Alhamisi alishindwa kuhesabu chenji ya elfu tano. Kuoga anaelekezwa hatua kwa hatua." Mambo ya namna hii ndiyo yanayoonyesha kama mtu anaweza kushika kazi tena. Mpeni nesi nakala kabla ya kuingia, au ombeni dakika chache pembeni, ili mzazi asisemwe akiwa amekaa hapo hapo. Naye aulizwe kwanza, kwa sauti ya kawaida.

Muulizeni daktari kuhusu kipimo cha kumbukumbu kiitwacho IDEA. Kilitengenezwa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa wazee ambao wengi wao hawakusoma sana; mzee hupanga njiti za kiberiti, hukumbuka maneno kumi, hutaja wanyama. Alama ni 0 hadi 15, na 7 kushuka chini huashiria uwezekano mkubwa wa ugonjwa wa kusahau. Ombeni pia damu ipimwe tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU, na mseme kama aliwahi kuanguka akaumia kichwa. Baadhi ya sababu hizi hutibika, na hilo ni kubwa kuliko fao lolote.

Wakati bado anaelewa anachotia saini, nendeni kwa wakili aandae hati ya uwakilishi, ya kumruhusu mtu anayemwamini amshughulikie mambo yake. Akishapoteza ufahamu, saini yake haina nguvu, hata akishikwa mkono, na hati ya awali nayo inaweza kukoma. Hapo njia inayobaki ni mahakamani, maana Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu ndugu kuomba ateuliwe msimamizi wa mali. Kuchukua kadi ya benki na namba ya siri ya mzazi kimyakimya ni njia fupi ya kuingia kwenye ugomvi wa ndugu. Wasiomudu wakili wamuone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au msaidizi wa kisheria.

Majina nayo yakaguliwe mapema. Mwanahamisi kwenye kitambulisho cha NIDA na Mwanaamisi kwenye kadi ya mfuko ni watu wawili mpaka kiapo kiseme ni mmoja.

Kwa mama aliyeuza samaki maisha yake yote bila kuchangia mfuko wowote, haya hayamsaidii, na hilo linaniuma. Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni jamii wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016. Huku bara anabaki na msamaha wa matibabu kwa wazee wasiojiweza, unaoanzia kwa mtendaji, na TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini, ambako kaya hutambuliwa kwenye mkutano wa mtaa au kijiji. Siku ya mkutano huo mtu wa familia awepo na aseme wazi kwamba mama hawezi tena kuachwa peke yake nyumbani.