Eti Setilaiti Imehama

Nimeamka nakuta nina jina jipya kwenye kundi la mafundi: Bwana Setilaiti-Imehama. Kuna ndugu yangu mmoja wa kazini (utasoma hapa, najua) keshawasimulia, tena katia chumvi hadi eti nililia. Sikulia. Lilikuwa vumbi.

Jana tulifunga antena ya intaneti mgongoni mwa ndege, ile nundu abiria mnayodhani ni urembo. Ndani yake kuna dishi linalozunguka na kuinama lenyewe. Mitambo ya ndege inaliambia pua inaelekea wapi na bawa limelala kiasi gani, ili lisibanduke macho kwenye setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Sasa, bamba la kufungia halikai sawasawa kabisa na mhimili wa ndege. Unapima tofauti, unaiandika kwenye kompyuta ya antena. Yetu ilikuwa nyuzi hasi 1.2. Mwandishi mimi.

Tukaikokota ndege nje (chini ya bati dishi halioni kitu, msiniulize nilijuaje). Dishi likazunguka, likainuka, likatulia. Mawimbi yapo! Modemu ikagoma. Nikabadilisha kebo, ikagoma. Nikazima, nikawasha, nikaomba dua, ikagoma.

Baada ya saa tatu nzima fundi mkuu akapiga simu. Nikaweka spika, kila mtu asikie ushujaa wangu.

"Mzee, sisi huku tuko sawa. Nadhani setilaiti imehama."

Aliyekuwa akikaza skrubu akaacha kukaza.

"Imehama?"

"Kidogo, mzee." Nikamwonyesha kwa vidole. Kwenye simu.

"Imehamia wapi?"

"Kama mashariki hivi."

Akavuta pumzi. Niliisikia ikiingia, ikakaa, ikatoka. "Mwanangu, ile namba ya bamba, nisomee ilivyo kwenye skrini."

"Moja nukta mbili."

"Mbele yake kuna nini?"

Nikafuta skrini kwa mkono wa shati, pengine uchafu umekificha. Hakukuwa na uchafu.

"Hakuna kitu, mzee."

"Na kwenye karatasi?"

Kwenye karatasi kistari kipo. Kimelala pale, kinene, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Yaani badala ya kuondoa kosa nililizidisha mara mbili, likawa nyuzi 2.4. Na huko juu kuna setilaiti zilizoachana kwa nyuzi mbili tu. Saa tatu nzima nimebisha hodi nyumba ya jirani, nalalamika mwenyeji wangu hafungui! Afadhali modemu, yenyewe ilikuwa na akili ya kukataa kurusha chochote.

Nikaweka kistari, ikashika, tukafunga kazi, nikaondoka bila kuaga.

Leo nafungua sanduku langu la vifaa, nakuta kipande cha karatasi. Mtu kachora mstari mmoja kwa maka peni, chini yake kaandika: "Cha akiba."